Kufuli la Mzee Taratibu

Mdogo wangu alipoajiriwa na kampuni ya lifti, sikumpongeza. Nilimuuliza kama hao waliomwajiri wanamjua vizuri.

Mtu mwenyewe ni huyu: anateleka chai, anaenda kutafuta sukari, njiani anaiona redio mbovu, anaifungua, na sufuria inaungua. Sufuria zangu zote zina makovu yake. Mtaani wanamwita Kiguu na Njia, na njia yenyewe ni ya kutoka kazi hii kwenda ile. Kiwanda cha mikate walimfukuza kwa sababu alikuwa akisikiliza mashine ya kukandia ilivyokuwa ikikoroma, mikate ikageuka makaa. Kwenye ulinzi aliacha geti wazi akaenda kurekebisha taa ya jirani. Duka la vitabu hawakumfukuza, alisahau tu kwenda. Mama yetu alikufa akiamini amezaa mvivu, na mdogo wangu analijua hilo, maana mama hakuwa mtu wa kunong'ona.

Ndevu zimeshaanza kuingia mvi ndipo daktari mmoja alipompima akamwambia kuwa si uvivu. Ubongo wake ndivyo ulivyoumbwa: umakini wake hautii amri, unakwenda unakotaka wenyewe. Hali hiyo inaitwa ADHD, na watu wazima wengi wanaishi nayo bila kujua. Alirudi akalia jikoni kwangu kama mtoto. "Mama angelisikia hili," alisema. Nikalia naye, halafu nikazima jiko aliloliacha likiwaka.

Kazi ya lifti aliipata kwa ung'ang'anizi. Alikuwa mfagizi kwenye jengo la ofisi, lifti ikakwama, akatupa ufagio akamganda fundi mpaka fundi akachoka kumfukuza. Wakamchukua wamfundishe. Basi hapo nikaona makubwa. Mtu asiyeweza kukaa kitako akawa anashinda na mlango mmoja wa lifti, hali wala hanywi, mpaka augundue ugonjwa wake.

"Dada, lifti nzima haikuiti," aliniambia uso ukiwa unang'aa. "Wanakuita ikiharibika tu, na kila moja ina wazimu wake."

Sikuwahi kumwona na furaha ile. Ningefurahi naye, kama si lile kufuli.

Fundi wa lifti, kabla hajaingia kwenye shimo ambamo lifti hupandia na kushukia, hupanda kwanza chumba cha mashine kilichoko juu kabisa ya jengo. Huko anazima swichi kuu, anaitia kufuli lake mwenyewe, na ufunguo anautia mfukoni. Hapo hakuna wa kuiwasha lifti yeye akiwa ndani. Kila fundi ana kufuli lake. La mdogo wangu lilikuwa jekundu, limechubuka, na asubuhi alipokuwa akinywa chai aliliweka mezani likimtazama. Nilipombana akasema ni la marehemu.

Marehemu alikuwa fundi mkuu wa kampuni, wakimwita Mzee Taratibu. Vifaa vyake vilipangwa kama vijiko vya bibi harusi. Hakuwahi kuchelewa, hakuwahi kupoteza hata msumari. Siku moja alipanda chumba cha mashine cha jengo lenye lifti mbili, akafunga swichi ya namba moja, akateremka akaingia kwenye shimo la namba mbili. Swichi zile zimekaa ubavu kwa ubavu kama mapacha. Mtu mmoja ghorofa ya chini akabonyeza kitufe, kama mtu yeyote anavyobonyeza. Kufuli lake mafundi wenzake hawakutaka hata kuligusa. Mdogo wangu ndiye aliyeliomba.

Niliogopa, sitaficha. Kama mtu wa namna ile alikosea, huyu wangu wa kuunguza chai atapona vipi? Nikawa nikisikia simu inalia, naomba dua kabla ya kuipokea.

Asubuhi moja alitoka bila chakula chake na bila simu. Nikajua jengo alilokwenda, lilelile alimofia Mzee Taratibu, nikamfuata huku nikinuna. Chini nikakuta lifti namba mbili imewekewa kibao cha matengenezo. Nikabonyeza namba moja. Kimya. Nikabonyeza tena. Nikaanza kupanda ngazi huku nikiwalaani waliojenga maghorofa.

Nilipofika juu, pumzi sina, nikasikia mdogo wangu anaongea na mtu. Mlango wa chumba cha mashine ulikuwa wazi. Amebeba mkoba wa vifaa, tayari kuteremka, lakini amesimama pale kizingitini akiwa ameelekea ndani, mgongo kanipa mimi.

"Mzee," alisema, "nimefunga?"

Alikuwa akisubiri, kichwa kakiinamisha kidogo, kama unavyomsubiri mtu mzima asiyesikia vizuri. Chumbani hamkuwa na mtu.

"Haya. Nakuja kuangalia."

Akaweka mkoba chini, akarudi kwenye swichi. Kufuli jekundu lilikuwa linaning'inia kwenye namba moja. Na sisi tunalitazama, yeye kwa karibu na mimi mlangoni, gurudumu kubwa linalovuta kamba za namba mbili likaanza kuzunguka. Kuna mtu hakusoma kibao, ameiita.

Mdogo wangu hakupiga kelele. Alisubiri gurudumu lisimame, akafungua kufuli, akalihamishia namba mbili, akabonyeza kuhakikisha imekufa. Ndipo aliponiona.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Mzee Taratibu."

"Mzee Taratibu amekufa."

"Ndiyo maana namuuliza."

Nikamshika shati. "Twende nyumbani. Sasa hivi! Sitaki kuletewa maiti mimi."

Hakujinasua. Alinitazama kwa upole ambao sikuuzoea kwake. "Dada, mimi nasahau kila siku ya Mungu. Najijua. Kwa hiyo kila siku narudi kuangalia, na mara nyingine nakuta nimekosea. Yule mzee alikuwa hasahau. Mikono yake ilikuwa inafanya yenyewe. Hakuwa na sababu ya kurudi."

"Na siku usipomuuliza?"

"Siku hiyo naiogopa," alisema. "Naiogopa kuliko wewe. Lakini nikiacha hii nirudi wapi, kuoka mikate?"

Nilicheka huku machozi yananitoka, nikamwachia shati. Nikampa chakula chake na simu yake. Aliviweka juu ya mashine, na nilijua atavisahau hapohapo. Akalitazama kufuli mara nyingine, akalivuta, akateremka kwenda kuingia kwenye shimo.

Namba moja sasa ilikuwa inafanya kazi. Niliingia peke yangu, mlango ukajifunga, na upande wa pili wa ukuta nikasikia nyundo ya mdogo wangu ikigonga chuma, kisha ikanyamaza. Mimi si mtu wa kuamini mambo ya wafu.

"Mwangalie na kesho, mzee," nikasema.

Kisha nikasubiri, kichwa nimekiinamisha, mpaka nyundo ilipoanza kugonga tena.