Kiti cha Ginter Kando ya Mlango

Ginter Kopiec si mtu wa kupendeka, na sitamremba hapa. Nimeketi naye kwenye maonyesho ya muziki tangu sote tukiwa na nywele nyeusi, na sikumbuki siku aliyonisalimu kabla ya kunikosoa. "Umevaa tena hilo koti linalochakarika," huniambia. "Ukikaa, kaa. Usijikune, usipekue mifuko." Koti langu ni la nailoni, na ni kweli linachakarika. Lakini kuna namna ya kumwambia mtu.

Chama chetu hapa mjini Bytom ni cha wapenzi wa muziki wa vinanda vya umeme. Watu wakisikia hivyo hufikiria taa za kumetameta na vijana wanaoruka. Sisi tunalala chali. Mara chache kwa mwaka tunakodi jumba la nyota, lenye kuba na viti vinavyoegemea nyuma kama vya kinyozi, Jumapili alasiri watu wakishakula nyumbani. Taa zinazimwa, nyota zinawashwa juu ya kuba, na mwanamuziki anaketi nyuma ya mitambo yake iliyopangwa kama makabati. Kumtazama ni ushamba. Unatazama juu na unanyamaza. Makofi hayapigwi mpaka mlio wa mwisho ufe kabisa na mwendesha nyota alete alfajiri kwenye kuba. Anayepiga kabla ya hapo hasahauliki.

Mwenyekiti wetu, Alojz Wrona, aliwahi kupiga kabla. Ilikuwa zamani, muziki ulinyamaza katikati kwa makusudi, naye akadhani umekwisha. Akapiga makofi peke yake gizani. Tangu siku ile Ginter hamwiti Alojz wala mwenyekiti. Anamwita Makofi, hata mezani sikukuu ya Krismasi, kwa sababu Alojz ni mume wa dada yake, Truda.

Uadui wao haukuanzia kwenye makofi. Wote wawili walifanya kazi karakana ya tramu, Ginter akitengeneza mota na Alojz akiandika zamu. Walipokuwa vijana walichangiana rekoda moja ya kaseti, wakanasa muziki redioni, kwani redio wakati ule ilipiga santuri nzima bila mtangazaji kuropoka katikati. Ginter alitundika blanketi dirishani ili mlio wa tramu usiingie kwenye kaseti, na mama yake alikatazwa kuosha vyombo. Kisha Alojz akamwoa Truda na kuhamia ng'ambo ya pili ya mji pamoja na rekoda. "Dada angemchukua tu," Ginter husema mpaka leo. "Sikumzuia. Rekoda je?"

Ginter hakuoa. Alipostaafu, siku zake zilibaki na mambo mawili: kununua mkate na kungoja onyesho lijalo. Majirani wa jengo lake aligombana nao wote. Kanisani alimwambia mpiga kinanda kwamba anapiga kama anayekanda unga, akaacha kwenda. Chama ndicho kilichokuwa kimebaki, na majira ya kuchipua ya mwaka jana alikaribia kukipoteza nacho. Kijana mmoja kutoka mji jirani wa Gliwice alikuja kutupigia, na katikati ya kipande cha pili Ginter akasimama na kunguruma, "Kanda! Huyu hapigi, anafungulia kanda!" Kijana alikuwa na kompyuta ndogo mbele yake, na huenda Ginter alisema kweli. Lakini kijana alikusanya nyaya zake macho yakiwa mekundu, akaondoka bila kuaga, na sisi tukabaki tunatazama nyota za bure.

Kamati ilikaa. Alojz alitaka afukuzwe siku ileile. Truda, ambaye ndiye anayetuchemshia chai na kuoka keki ya mbegu za mipopi, alisema Ginter akifukuzwa basi chama kitafute mwingine wa kuchemsha chai. Wakapatana: Ginter abaki, ila akitoa sauti yoyote ndani ya kuba, hata neno moja, uanachama wake umekwisha, na hakuna kukata rufaa. Ginter alikubali. Alikubali kwa sababu mwezi wa kumi na moja alikuwa anakuja Tymon Sadlik.

Sadlik hatumsikii sana siku hizi, lakini kwetu yeye ni yeye. Ginter alihudhuria kila onyesho lake aliloweza kufikia kwa treni. Sasa Sadlik alikuwa mzee, vidole vinamuuma, alikuwa ametangaza kwamba hili ni la mwisho na kwamba mitambo yake imepata mnunuzi.

Jumapili ile Ginter alifika mapema, amenyoa, amevaa suti ya mazishi. Alojz alimngoja mlangoni.

"Shemeji, kiti chako leo ni kile kando ya mlango."

"Mimi hukaa katikati."

"Leo unakaa kando ya mlango. Ili tukikutoa tusikanyage watu."

"Makofi, unajua sauti pale inavyofika? Inafika kama supu ya jana."

"Basi ukalale nyumbani. Na mimi nitakaa nyuma yako. Nikisikia hata unameza mate—"

"Utapiga makofi?"

Truda alitoka nyuma ya meza ya chai akiwa na kijiko mkononi. "Nyinyi wawili! Mna wajukuu, nyinyi? Yaani mmoja anao. Ginter, kaa ulipoambiwa. Alojz, mwache ameze mate."

Nilikaa karibu na Ginter, kwani viti vya katikati vilikuwa vimejaa. Alilitazama koti langu, akafumba mdomo. Hilo peke yake lilinionyesha jinsi alivyokitaka kiti chake.

Sadlik aliingia kimya kimya kwa mlango wa nyuma. Truda alikuwa amempelekea mkate wa soseji, ukarudi haujaguswa. Hajawahi kula kitu kabla ya kupiga. Taa zikazimika, nyota zikatoka.

Sina maneno mazuri ya kueleza muziki. Ulianza chini, kama mtu anayevuta kabati zito kwenye chumba cha juu, halafu ukafunguka. Mitambo ya namna ile hupangiwa mfuatano wa sauti, ikaurudia yenyewe bila kuchoka, na mpigaji kazi yake ni kuzungusha vitufe ili mfuatano ung'ae, ufifie, usogee, urudi nyuma. Hicho ndicho tunachokiita mkono. Mashine ni ileile kwa kila mtu, mkono ni wa mtu mmoja. Ginter alikuwa amelala na mdomo wazi kidogo. Uso wake, kwenye mwanga wa nyota, haukuwa na ugomvi wowote, na nilitazama pembeni kwa kuona haya.

Kipande cha mwisho kilishika mfuatano mmoja na kubaki nao. Ulizunguka na kuzunguka, haubadiliki, safi kama maji ya bomba. Nilihisi kifua kinalegea. Mtu wa mbele yangu alishusha pumzi ndefu ya raha. Nilifikiri: hivi ndivyo mzee anavyotuaga, kwa kukataa kuongeza chochote.

Ginter akajiinua kwa kiwiko.

"Mkono haupo," alininong'oneza.

Nilimwonyesha kidole mdomoni.

"Haupo, nakwambia. Hajawahi kuuacha hivi. Huwa anaugusa, kila ukirudi anaugusa kidogo. Huu haujaguswa."

Kutoka nyuma Alojz akasonya. "Nimekusikia, shemeji. Hilo ni neno."

"Nenda kamwangalie."

"Funga mdomo."

"Makofi, nisikilize. Mtu yule hapigi. Nenda nyuma ya makabati ukamwangalie."

"Majuzi kijana wa watu, leo Sadlik? Hata Sadlik ni kanda kwako? Toka nje."

Watu walianza kutusonya. Mmoja alisema wazi, "Mtoeni huyo mshenzi, anatuharibia." Nami, niseme tu ilivyokuwa, nilikuwa upande wao. Muziki ulikuwa mzuri mno, na Ginter alikuwa Ginter.

Aliketi. Naapa aliketi. Alishika mikono ya kiti, akatazama juu, akasikiliza mzunguko mmoja zaidi na mwingine tena. Nilisikia anapumua kwa pua kama farasi aliyefungwa. Kisha akasimama wima na kuita kwa sauti iliyogonga kuba yote:

"Sadlik! Bwana Sadlik! Uko wapi?"

Hakuna aliyejibu. Mfuatano ukaendelea kuzunguka. Alojz alimkamata kola ya suti na kumvuta kuelekea mlangoni, na kwa kuwa alikuwa amemweka hapohapo makusudi, haikuwa safari. Lakini kando ya mlango ule ndiko kilikokuwa kisanduku cha umeme cha ukumbi mzima. Ginter alifungua visanduku vya umeme vya tramu zilizokufa maisha yake yote, hakuhitaji taa. Alipiga kifuniko kwa ngumi, akashusha swichi kubwa.

Muziki ukakatika. Nyota zikakatika. Ilibaki taa ya kijani juu ya mlango na giza.

Tulinyamaza jinsi tulivyojizoeza miaka yote kunyamaza, tukingoja mlio wa mwisho ufe. Ulikuwa umeshakufa. Hakuna kati yetu aliyewahi kusikia mwisho wa kijasiri namna ile: mfuatano, mfuatano, halafu hakuna muziki wala mbingu. Safu ya mbele mtu akapiga makofi. Wa pili akafuata. Kisha jumba zima likainuka, tunapiga makofi gizani, wengine wanapiga miguu sakafuni, wengine wanaita jina la Sadlik. Alojz alimwachia Ginter kola ili mikono yake ipate nafasi. Nami nilipiga.

"Washeni taa!" Ginter alikuwa anapiga kelele katikati ya shangwe zetu. "Washeni taa, wapumbavu! Mnamshangilia nani?"

Aliiwasha mwenyewe. Tulipoona ukumbi, kiti nyuma ya makabati kilikuwa kitupu, na kiatu kimoja kilikuwa kimetokeza pembeni, soli juu.

Ilikuwa sukari. Sadlik ana kisukari, alikuwa amejichoma dawa yake asubuhi bila kula kitu, ikashuka mpaka akaanguka. Truda, aliyekuwa nesi wa zahanati, alimgeuza ubavu na kufukuza watu waliomzunguka kwa kijiko kilekile. Gari la wagonjwa lilikuja upesi, wakamchoma sindano. Alipozinduka waliomhudumia walisema maneno mafupi tu, kwamba angeachwa mpaka mwisho wa onyesho, wasingekuwa na kazi ya kufanya. Onyesho lenyewe lisingekuwa na mwisho, lakini hilo hakuna aliyelitaja.

Wakati wanaandaa machela, Sadlik aliketi kwenye ngazi na kikombe cha chai tamu.

"Nani alizima mitambo?" aliuliza.

"Mimi," alisema Ginter. Alikuwa amesimama wima kama askari.

"Kwa swichi kubwa? Yote kwa pamoja?" Sadlik alifumba macho. "Mashine ya mwaka sabini na sita, na wewe unaikata kama taa ya choo. Mnunuzi anakuja Jumanne."

Ginter aliyageukia makabati.

"Bwana Sadlik," Alojz aliingilia, "watu walipiga makofi kama wazimu. Hatujawahi kupata kitu kama kile."

"Walipiga?" Uso wa mzee ulirudiwa na rangi. "Walipenda wapi zaidi?"

"Pale mwisho. Pale ulipouacha."

Sadlik akatabasamu, akawaambia wabebaji kwamba yuko tayari kubebwa.

Ginter alingoja mlango ufungwe. "Mmelipigia makofi kabati," alisema, akituangalia mmoja mmoja. "Wote. Kabati na mtu kalala chini yake. Makofi alikuwa mmoja, sasa mko ukumbi mzima."

Nafikiri angenyamaza, mambo yangekuwa mengine. Kulikuwa na watu wa kamati ambao tayari walikuwa wanakuna vichwa, wanatafuta namna ya kusema kwamba sharti lile halikuhusu siku kama ile. Baada ya kauli hiyo waliacha kukuna. Alojz alisema, "Ulitoa sauti, shemeji. Ulikubali mwenyewe."

"Nilikubali," Ginter alijibu. "Ningetoa tena. Rekoda yangu nirudishie." Akachukua kofia.

Alojz hurekodi kila onyesho. Hili la Sadlik limegawiwa kwa wanachama, na limekatwa kwa ustadi kabla ya Ginter kuanza kunong'ona. Wengi wanasema dakika zile za mwisho ndizo bora kuliko zote alizowahi kupiga. Mimi nami ninayo nakala. Siku hizi nikifika pale mfuatano unapobaki peke yake, nausikia kwamba haujaguswa, na nauzima. Sijamshukuru Ginter kwa hilo. Ameniharibia.

Kisanduku cha umeme sasa kina kufuli, na ufunguo anao Alojz. Ginter haruhusiwi kuingia ndani ya kuba, lakini ukumbi wa nje ni wa manispaa, na hakuna anayeweza kumkataza mtu kusimama kwenye ukumbi wa manispaa. Onyesho la majira ya kuchipua mwaka huu alikuja na suti ileile, akajibanza karibu na meza ya Truda. Muziki ulipoanza Truda alisukuma mlango ukabaki wazi upana wa kidole. Alojz aliinuka kwenye kiti cha Ginter, kile cha kando ya mlango, alichokihamia, akaufunga. Truda akaufungua.

"Shemeji," Ginter alisema kupitia ufa, "kiti hicho kinalia. Kaa utulie."