Kikombe cha Mgeni

Iko siku moja ambayo naikumbuka hata nisipotaka kuikumbuka, mwanangu, na wiki hii umenilazimisha kuikumbuka tena. Keti. Hiyo simu iweke kifudifudi hapo mezani, haitakufa ukiiacha kidogo.

Jirani yangu Mama Njoki alikuja juzi mbio mbio, simu mkononi, kunionyesha wewe ukihojiwa. Nikakuona umependeza, nikafurahi. Halafu nikasikia unamwambia yule kijana anayekuhoji kwamba ulilelewa na nyanya, cucu asiyejiweza, kwamba siku nyingi ulilala njaa, na kwamba ndiyo maana nyimbo zako zina uchungu. Mama Njoki akanitazama. Mimi nikatazama sufuria. Nilikuwa nimetoka kuiosha, ile ile kubwa ambayo ulikuwa ukigombana na ndugu zako kukwangua ukoko wake.

Wewe ulilala njaa katika nyumba gani? Maana katika hii yangu nakumbuka mtoto aliyefichiwa viazi kabatini na bado akavipata.

Nimeudhika, sitakuficha. Lakini mkubwa akigomba bila kueleza sababu anapiga kelele tu, na kelele unazipata za kutosha kule Kamakis, kwenye baa za nyama choma, unakoimba watu wakitafuna mbavu. Kwa hiyo nitakueleza. Unajua kwamba mimi pia niliimba ujanani. Usichojua ni kwamba niliimba nikiwa Mkongo.

Usicheke bado.

Nilikuwa na umri kama wako. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na dada yake, Tata Nyokabi, hapa hapa Murera, kwenye shamba hili hili. Alikuwa akiuza mboga soko la Ruiru, na alinisomesha kwa sukumawiki. Nilipomaliza shule, kiongozi wa bendi moja ya Thika alinisikia nikiimba kwenye harusi. Sisi sote tulimwita Dairekta, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilobatizwa nalo. Alisema sauti ninayo, shida yangu ni kwamba natoka Murera.

“Msichana wa Murera akiimba rumba, nani atatoka kwake kuja kumwona?” aliniuliza. “Lakini wa Kinshasa watamjia hata wagonjwa.”

Basi nikawa Mamie Odile. Nilijifunza nyimbo za Kilingala kutoka kwenye kaseti, neno kwa neno, bila kujua ninasifu mpenzi au ninatangaza bei ya samaki. Sheria ya Dairekta ilikuwa moja: nikishuka jukwaani nisiseme Kiswahili wala Kikuyu. Mtu akinisemesha, nitabasamu na kusema “Pardon.” Wakati wa mapumziko nilikaa na wateja mezani, soda mbele yangu, nikitikisa kichwa kama mtu aliyeshuka kwenye ndege asubuhi ile. Na niliona raha, mwanangu. Nisikudanganye. Kuitwa jina la mbali kunalevya.

Tata alijua naimba. Hakujua naimba nikiwa nani. Nilikuwa sijarudi nyumbani kwa muda mrefu, kila wiki nikipata sababu mpya, mpaka Jumapili moja mchana akatoka kanisani, akapanda gari mpaka Thika kuja kuniona. Alikuwa na kitambaa chake kizuri cha kichwa na kiondo mkononi. Nilimwona akiingia katikati ya wimbo. Alisimama karibu na mlango akisikiliza, na uso wake uling'aa kwa furaha. Sikuwahi kumwona hivyo hata siku ya matokeo yangu ya mtihani.

Tulipopumzika nikaenda kukaa na wateja, mmoja wao akiwa Wafula, fundi wa mashine katika kiwanda kimoja pale mjini, ambaye hakukosa Jumapili hata moja. Dairekta alikuwa ameegemea kaunta akiniangalia. Tata akapita kati ya viti, akanyoosha mkono, akaniita kwa jina langu. “Wanjiru,” akasema kwa Kikuyu, “umeniimbia vizuri mpaka nimesahau uchovu.”

Mkono ulikuwa hapo mbele yangu. Nilitazama kaunta. Nikatabasamu, nikasema, “Pardon, mama?”

Tata hakuurudisha mkono haraka. Alinitazama kidogo, akamtazama Dairekta kule aliko, akaitazama soda yangu. Hakuwa mtu wa kuelezwa jambo mara mbili. Kisha akawageukia wale wanaume na kusema kwa Kiswahili, “Mnisamehe. Nimemfananisha na mtoto wangu. Ni macho haya ya uzee.”

Uzee gani? Hakuwa amefika hata miaka hamsini, na mdudu mmoja kwenye sinia ya mchele alimwona akiwa amesimama mlangoni.

Akaweka kiondo mezani. “Mpeni huyu mgeni,” akasema. “Ametoka mbali, labda hana wa kumpikia.” Akaenda zake.

Ndani kulikuwa na mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, bado una joto, umefungwa kwa ile taulo ya nyumbani yenye mistari. Wafula akafungua, akaomba vijiko. “Mamie, unajua hii?” akaniuliza. Na mimi niliyelelewa kwa mukimo, mimi niliyechuma majani ya malenge ya kuutia rangi tangu sijaweza kuhesabu, nikanyanyua mabega na kuuonyesha kwa kidole kama kusema: hiki ni kitu gani? Wakanipa kijiko. Nikaonja polepole kama mtu anayeogopa chakula cha ugenini. Ulikuwa wa Tata kabisa, na chumvi yake kidogo kuzidi. Nikameza, nikapanda jukwaani nikaimba kipindi cha pili.

Jumamosi iliyofuata nilienda nyumbani. Nilikuwa tayari kwa matusi. Nilikuwa tayari hata kwa mwiko. Tata akanipokea langoni mwenyewe. “Karibu, mgeni,” akasema kwa Kiswahili. “Umesafiri salama?”

Akanikalisha kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, ambacho sisi watoto tulikuwa tukipigwa kwa kukigusa. Akanipa chai kwenye kikombe cha maua, kile cha mchungaji wa kanisa, kilichokuwa kikikaa kabatini nyuma ya kioo. Nilipoinuka kuosha vyombo akaninyang'anya sahani kwa adabu. “Aa, mgeni hafanyi kazi.” Nikamwomba msamaha kwa Kikuyu, machozi yananitoka. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, “Na lugha yetu umejifunzia wapi? Unaijua vizuri sana.”

Nilikasirika, mwanangu. Nilitamani anipige. Wazee husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nikajiambia nitavumilia siku hizo mbili. Lakini Tata hakunipa jembe siku ya tatu, wala nilipokuja tena, wala safari nyingine. Kila nikija, kiti cha kitambaa, kikombe cha maua, habari za kwenu. Watoto wa majirani wakaanza kuniita mgeni. Ukikanwa kwa matusi utajibu matusi. Ukikaribishwa kwa heshima katika nyumba uliyokulia, utajibu nini?

Nikachoka. Jumapili moja nikashika maikrofoni kabla ya wimbo wa kwanza na kusema kwa Kiswahili, “Hamjambo. Mimi si Mkongo. Naitwa Wanjiru, natoka Murera, na yule mama aliyeleta kiondo ndiye aliyenilea.”

Nilitarajia zogo. Nilitarajia watu wadai kiingilio chao. Wafula akacheka huko mbele. “Lakini si tulijua kitambo, Wanjiru?” akasema. “Mkongo gani akimwagikiwa na chai analia wuui kama Mkikuyu?” Na wote wakacheka naye. Wote, mwanangu, mpaka yule wa kufagia.

Nilimfuata baadaye nikamuuliza, “Hata siku ile ya mukimo mlijua?”

“Hata siku ile,” akasema, na sasa hakuwa akicheka. “Mama yako alipoondoka tulidhani utamfuata. Tukafungua chakula tukingoja uinuke kwenye kiti. Ukauliza hii ni nini. Mimi nilimwonea huruma yule mama.”

Nilimkana aliyenilea mbele ya watu ambao hawakuwa wamedanganyika. Uongo wangu haukumwingia mtu hata mmoja, isipokuwa mimi mwenyewe. Na Tata peke yake ndiye aliyeulipia.

Dairekta aliniachisha kazi siku hiyo hiyo. Kabla sijashuka niliimba wimbo mmoja wa kupalilia ambao Tata alikuwa akiimba shambani, na usidhani palitokea muujiza. Sauti yangu mwenyewe sikuwa nimeizoea, ilitoka nyembamba, ikakatika mahali. Walipiga makofi ya adabu tu. Ilinichukua muda mrefu kujifunza kuimba nikiwa Wanjiru, na hizo harusi zote ulizosikia niliitwa zilikuja baadaye sana.

Kesho yake nikaja hapa. “Karibu, mgeni,” Tata akasema. Nilipita kiti, nikachukua jembe nyuma ya mlango, nikaenda kwenye mahindi na kuanza kupalilia na viatu vyangu vya mjini. Nililima vibaya kwa sababu nilikuwa nikilia. Nikasikia hatua zake nyuma yangu, kisha sauti yake, kali, kwa Kikuyu, ya kusikika mpaka barabarani: “Wewe Wanjiru! Hayo ni maharagwe unakata, si magugu. Umekuwa kipofu? Leta hilo jembe!”

Sijawahi kuimbiwa wimbo mtamu kama ule.

Jioni tukimenya viazi nikamwambia sitaimba tena Kilingala maishani. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa upuuzi. “Nani amekukataza?” akasema. “Uliimba vizuri. Nilisimama mlangoni pale nikajisikia msichana. Wimbo haukunikana, Wanjiru. Ni wewe uliyenikana, ukiwa umekaa chini na soda.”

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo nilipokuwa nikija. Sitakuambia mkataa kwao ni mtumwa, hiyo umeisikia mpaka masikio yameota sugu. Sikukatazi nywele za rangi, wala Kiingereza cha kupitia puani, wala hilo jina ulilojipachika na kuacha langu ulilopewa ulipozaliwa. Jukwaani kila mtu huvaa kitu. Imba umeachwa hata kama hujawahi kupendwa. Imba njaa ukitaka, walio na njaa wapo na wanastahili wimbo. Lakini wimbo ukiisha, ukashuka, mtu akakuuliza wewe ni nani na nani alikulea, hapo si jukwaani tena. Hapo kuna mkono umenyooshwa mbele yako. Mimi siku yangu nilijifanya sijawahi kuonja mukimo. Wewe umejifanya hukuwahi kupewa. Tofauti yake iko wapi? Sisi tulidhani tukitoka mbali ndiyo tutapendwa, nanyi mnadhani mkiteseka ndiyo mtaaminiwa, na wakati wote wasikilizaji wanajua. Mama Njoki alijua. Amekula humu ndani mara ngapi?

Kama uchungu huna, imba raha uliyo nayo. Wako watu wengi, Thika na Ruiru na kwingine, waliolelewa na cucu wakashiba, na sijasikia anayewaimbia. Anza na hao. Sauti itatoka nyembamba mwanzoni, usiogope, itanenepa.

Sikuombi uende kwenye hiyo simu ukajitangaze muongo. Hiyo utaamua mwenyewe. Nakwambia tu kwamba kikombe cha maua bado ninacho, Tata aliniachia mimi, na jana nimekiosha. Chai iko tayari hapo jikoni. Jembe nalo liko nyuma ya mlango, na maharagwe yamezidiwa na magugu. Inuka uchukue unachotaka, sitakuchagulia.

Na lolote utakalochukua, baraka zangu unazo, maana mtu habariki mjukuu kwa masharti. Mungu akulindie hiyo sauti. Akupe watu wa kuisikiliza na watu wa kukukosoa, na usikose mtu wa kukupikia popote utakapoenda. Upewe, ule, ushibe, mwanangu. Na ukishiba, useme umeshiba.