Kengele Yenye Mafua

Baiskeli ilikuwa yangu. Nataka hilo lieleweke kabla sijasema lingine, maana watu wa kwetu wakiona mwanaume amekaa juu ya kitu, wanadhani ni chake. Njugu nililima mimi, ndama tuliyemuuza nilipewa na mama yangu, na siku tuliyoshuka Homa Bay kununua ile baiskeli nyeusi ya keria pana, pesa zilikuwa kwenye fundo la leso yangu. Lakini sikujua kuendesha, na miaka hiyo ya tisini mwanamke wa kijijini akipanda baiskeli alisemwa mpaka kanisani. Basi mimi nikanunua, bwana yangu akapanda.

Kazi yake ilikuwa omena, dagaa wa ziwani kwetu. Alfajiri aliteremka mwaloni, akanunua kwa wavuvi, akafunga gunia kwenye keria kwa mpira, akapanda nalo hadi steji ya Homa Bay. Pale gunia lilipakiwa kwenye gari la Migori, naye akalifuata, kwa sababu Migori omena iliuzika vizuri kuliko kwetu tuliokuwa tukiila kila siku. Jioni alirudi mjini, akachukua baiskeli, akaja nyumbani. Bila baiskeli hapakuwa na gunia, na bila gunia watoto wangefukuzwa shule.

Siku ile ile ya kuinunua, ilianguka tukiwa njiani na kengele ikapata ufa. Tangu hapo haikulia kama kengele nyingine. Ililia kwa kukwama, na bwana akasema ina mafua. Fundi alitaka kuibadilisha, bwana akakataa. Kila jioni akifika kwenye ua wetu wa mkonge aliipiga, mara mbili, kisha moja. Nami nikiisikia tu naweka sufuria ya chai motoni. Akimaliza kuosha miguu, chai imechemka. Hatukuwahi kulipanga jambo hilo, lilijianza lenyewe, na nilijua ni langu.

Fundi huyo alitufundisha kitu kingine. Alichomoa kiti, akatuonyesha bomba lililo wazi chini yake, akasema tuweke humo alama tunayoijua sisi tu, kwa kuwa baiskeli zote zinafanana na ikiibiwa kila mtu atasema ni yake. Wengi waliweka karatasi yenye jina.

"Nyar Sori, weka wewe," bwana akasema. "Ni yako."

Kwetu mke huitwa kwa jina la kwao, na mimi ni binti wa Sori. Nikachana pindo la gauni langu la maua ya manjano, lile nililovaa siku alipokuja kwetu mara ya kwanza, nikalikunja, nikalisukuma ndani. Bwana alicheka, akasema sasa hata akiwa mbali atakuwa amenikalia. Nami nikafurahi. Wivu ninao tangu zamani, sikatai.

Sasa, Homa Bay siku hizo kuacha baiskeli hadharani ilikuwa kutafuta kilio. Ukiingia dukani kununua kibiriti unatoka unakuta kiti hakipo, au pampu, au gurudumu la mbele. Makarani waliingia ofisini na viti vya baiskeli kwapani. Mzee mmoja wa kanisa letu alikuwa akifungua gurudumu la mbele na kuingia nalo ibadani, akaliegemeza kwenye benchi kando yake kama mgeni. Kwa hiyo nilimuuliza bwana ya kwake huiacha wapi kutwa nzima.

"Kuna mahali," alisema.

Nikaridhika. Mjinga mimi!

Aliyenifungua macho ni jirani yangu, mama Msabato mcha Mungu, ambaye hasengenyi mtu ila Jumamosi baada ya ibada. Tulikuwa tunarudi kutoka kanisani, akaniambia kwa sauti ya huruma, "Baiskeli yenu naiona sana kwa mama wa chai, pale nyuma ya steji. Nayo haiegemei nje. Iko ndani."

Yawa! Kwetu baiskeli ikiegemea ukuta wa mtu, hakuna anayeuliza mwenyewe yuko wapi. Sasa ikiwa ndani?

Siku ya soko iliyofuata nilivaa vizuri, nikaenda mjini peke yangu. Hoteli yenyewe ilikuwa ya mabati, yenye benchi mbili na meza iliyofunikwa plastiki. Mwenyewe alikuwa mjane, mrefu, anacheka mpaka wa nje wanasikia, na katikati ya meno ya mbele ana mwanya. Mwanya! Mimi nimeutamani mwanya tangu utotoni. Nilikaa, nikaagiza chai, sikusema mimi ni nani. Pazia la chumba chake lilipopepea nikaiona baiskeli yangu, imesimama kati ya kitanda na ukuta, imefunikwa gunia safi isipate vumbi. Hata mimi nyumbani sikuwahi kuifunika. Na chai ilikuwa nzuri, hilo ndilo liliniuma zaidi.

Jioni sikungoja aoshe miguu.

"Baba watoto, baiskeli yangu inalala chumbani kwa nani?"

"Hailali. Inashinda tu."

"Inashinda kando ya kitanda cha nani?"

"Nyar Sori, wacha hizo. Pale steji watu wanaiba mpaka kivuli. Yule mama ananisaidia, namwachia kikombe cha omena, yameisha."

"Kikombe cha omena yangu!" nikasema. "Kwani ni baiskeli yako tu mji mzima inayohitaji kutunzwa na mwanamke? Wenzako wanafunga wapi?"

Kesho yake nikauza kuku wawili, nikanunua mnyororo mnene wa kufungia maksai na kufuli kubwa kama ngumi. Nikamwekea juu ya kiti. Nikamwambia achague, afunge nje kama wanaume wengine au aende akanywe chai huko moja kwa moja.

Alifanya nilivyotaka. Mtu yule hakuwa mbishi. Kila asubuhi aliifunga kwenye nguzo ya kibanda cha muuza mitumba, mbele ya macho ya watu wote, fremu na gurudumu na nguzo pamoja. Nami nilikaa kwa amani, jirani akiniletea habari kwamba ameiona nje, ndiyo, nje kabisa, kwenye jua. Nilikuwa nimeshinda.

Halafu ikaja jioni moja ya mvua, nikangoja kengele, sikuisikia. Aliingia kwa miguu, viatu mkononi, matope mpaka magotini.

"Wameng'oa nguzo," alisema.

Mwenye kibanda alikuwa amekimbia mvua. Udongo ulilainika, wezi wakaitikisa nguzo ikatoka, wakaondoka na vyote, baiskeli, mnyororo, kufuli langu likiwa bado limefungwa. Mabati ya kibanda yalikuwa yamelalia nguo za watu. Palipokuwa na nguzo palibaki shimo lenye maji.

Bwana hakunilaumu. Afadhali angenilaumu, tungegombana yaishe. Alikaa tu pale mlangoni, akasema hata mama wa chai alipoona lile shimo alilia.

Alilia! Yeye alilia baiskeli yangu kama nani?

Miezi iliyofuata ilikuwa ya taabu, sitaki kuipamba. Alibeba omena kichwani kutoka mwaloni, nusu gunia badala ya gunia, na siku nyingine akafika steji gari la Migori limeshaondoka. Nami nilitembeza mafungu ya omena kijijini kwa watu wasioitaka. Binti yetu mkubwa alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, akakaa akisuka nywele za watoto wa wenzake waliokuwa darasani. Na usidhani wivu uliisha ati kwa sababu baiskeli haipo. Sasa alikuwa akipita kwa mama wa chai bila hata kisingizio cha baiskeli.

Mchana mmoja nikiwa shambani, kijana wa boda boda alikuja akikanyaga pedali kama anafukuzwa. Siku hizo boda boda ilikuwa baiskeli, abiria anakaa kwenye keria yenye mto.

"Mama wa chai anasema uje mbio. Amekamata baiskeli yenu."

Bwana alikuwa Migori. Nikapanda na matope yangu ya shamba, nikamwambia kijana asiponifikisha haraka nitashuka nimsukume yeye na baiskeli yake.

Steji nzima ilikuwa imejaa. Mama wa chai alikuwa katikati, mkono mmoja ameshika usukani wa baiskeli, mwingine bado ana upawa. Baiskeli yenyewe ilikuwa ya kijani. Kiti kilikuwa kipya na keria si ile yetu. Aliyekuwa akiiendesha, mwanaume mwembamba kutoka Sindo, alikuwa anaapa kwa mama yake kwamba aliinunua huko kwa mtu asiyemjua. Vijana walikuwa wameshaokota mawe. Aliyewazuia ni muuza mitumba, yule aliyeng'olewa nguzo, na ilionekana alikuwa ameingoja siku hiyo ya kuwa hakimu.

"Mama," akaniambia, "yenu ilikuwa nyeusi. Hii ni ya kijani. Tusimuue mtu bure. Una alama?"

Nilimwangalia bwana wa Sindo, bado anaapa kwa mama yake. Nikasema wachomoe kiti. Ndani ya bomba kuna kitambaa cha gauni, maua ya manjano.

Fundi mmoja wa pale steji akaingiza waya, akavuta. Kitambaa kikatoka, kina kutu na mafuta, lakini maua yalionekana. Kisha mtu mmoja nyuma akapiga ukelele, "Ahaa! Huyu mama amemfunga bwana yake!" Wakalipuka kwa kicheko. Wengine wakarudi nyuma wakisema ni dawa hiyo, wasiiguse. Masikio yalinichoma. Vijana walicheka mpaka wakadondosha mawe, na bwana wa Sindo akapata nafasi ya kukaa chini. Walimtaka awaonyeshe aliyemuuzia, akakubali, wakaondoka naye kwa amani.

Mama wa chai naye alikuwa anacheka, mwanya wote nje. Akanishika bega.

"Nyieka," akasema, na kwetu hilo ni neno la kumwitia mke mwenza, wanawake hutaniana nalo, "kumbe siku zote zile gauni lako lilikuwa chumbani kwangu!"

Watu wakacheka tena. Mimi sikucheka. Lakini baiskeli ilikuwa imepatikana, na aliyeikamata ni yeye, si mimi wala jirani yangu wa Sabato. Nikakaza moyo nikamwambia ero kamano, asante sana. Nikamuuliza aliitambuaje na imepakwa rangi vile.

"Kengele, dada," akasema. "Nilikuwa jikoni, sikuona kitu. Nikaisikia tu ile yenye mafua, na mkono wangu wenyewe ukaenda kuweka sufuria motoni. Ndiyo mazoea. Si kila asubuhi akifika pale kona alikuwa akiipiga mara mbili, kisha moja? Nami naweka chai. Nilipokumbuka kwamba ameibiwa ndipo nikatoka mbio na upawa."

Alilisema hivyo hivyo, bila hila, na sufuria yenyewe nikaiona nyuma yake inafoka. Mara mbili, kisha moja. Hata neno la mafua alikuwa nalo. Kama angeniambia bwana yangu alilala kwake, naamini ningepiga kelele, tungeshikana, watu wangetuamua, na ningejua la kufanya. Lakini kwa sufuria ya chai utamshtaki mtu wapi?

Alinikaribisha ninywe. Nikasema nina haraka.

Niliisukuma baiskeli njia yote hadi nyumbani, watu wakinipongeza, nami nikiitikia huku nimebana meno. Nilipofika sikubadili hata nguo. Nilichukua kisu cha kukatia mboga za sukuma, nikafungua skrubu ya kengele, nikaitumbukiza ndani ya chungu cha mtama, chini kabisa.

Mpaka leo sijui kama kulikuwa na kitu kati yao zaidi ya chai. Nilimuuliza bwana, akakataa, na hakuwa mtu wa uongo. Lakini kile alichompa yule mama nilikijua, na kilikuwa changu.

Jioni ile bwana aliingia mbio. Alikuwa ameambiwa steji, na njia yote alikuwa amekimbia mtu mzima yule. Aliikuta imeegemea ukuta wetu. Akaipapasa usukani, kiti, tairi, machozi yakimlenga, akisema kesho gunia zima, kesho binti anarudi shule. Kisha kidole gumba kikaenda mahali pa kengele, chenyewe tu, kikakuta patupu.

"Kengele iko wapi?"

"Imeibiwa," nikasema.

"Na nani?"

"Muulize anayekuwekea chai asubuhi."

Halafu akaenda kuosha miguu. Hakuuliza tena, wala hakununua nyingine, na gunia likaendelea kwenda Migori na binti akamaliza shule. Ila kuanzia siku hiyo alikuwa anaingia kimya. Nikawa nakaa mlangoni kila jioni nikitega sikio nisikie tairi kwenye changarawe, na mara nyingi nilimkuta ameshafika, ameshaosha miguu, chai bado haijawekwa. Lakini na kule mjini hakuna aliyeisikia ile kengele asubuhi. Hilo lilinitosha. Lilikaribia kunitosha.