Mke Wangu Alimwokoa Mama, Mimi Nikaacha Atukanwe

Kosa ni langu, jamani. Sitafuti wa kunionea huruma. Nataka tu kulitoa kifuani.

Tunaishi Missouri City, kando ya Houston, kwenye nyumba yenye bwawa la kuogelea. Baridi ilipokaribia, mke wangu, ambaye ni nesi, alinikumbusha hadi akachoka.

"Baba Tasha, safisha hilo bwawa, utie dawa, halafu ufunge kile kifuniko cha mikanda. Mama yako anakuja."

"Wikendi nitafanya," nikamjibu.

Wikendi ikaja, nikatazama mpira. Kifuniko kilitaka kutoboa sakafu na kukaza skrubu pande zote. Nani ana hiyo nguvu? Nikatandaza turubai juu ya maji ya kijani, nikaligandamiza kwa matofali pembeni, nikajiona fundi! Mti wa jirani ukamwaga majani hadi turubai lisionekane.

Mama akafika kutoka Nyeri. Nilimwonyesha chumba, televisheni, hata namna ya kuwasha jiko. Bwawa sikumwonyesha!

Mama hajui kukaa bure. Asubuhi moja, mimi bado nimelala, akachukua ufagio akaanza kufagia majani nyuma ya nyumba. Akafagia, akasogea, akakanyaga turubai.

Mke wangu ndiyo kwanza alikuwa anaingia kutoka shifti ya usiku. Akasikia mama akipiga kelele, akaruka ndani ya maji yale ya baridi na sare yake ya kazi. Nilipofika nilimkuta amemshika mama kwapani, turubai limewazonga wote wawili.

"Unaangalia nini? Mvute!"

Mama alilazwa, mkono umevunjika, kifua kimeingia maji. Dada yangu mkubwa akapiga simu kutoka nyumbani.

"Mama amepatwa na nini?"

Hapo ndipo nilipoharibu. "Aliteleza bafuni," nikasema.

"Nani aliacha sakafu imelowa? Ni huyo mke wako, sivyo?"

Nikanyamaza. Mungu wangu, nikanyamaza!

Kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp, ambacho mke wangu hayumo, wakamwita mvivu, wakamwita muuaji. Nilisoma kila neno. Simu ya mama ilizama naye, kwa hiyo wakitaka kumsalimia walitumia yangu, nami nilikaa pale pale nikikatiza maongezi yakikaribia ajali.

"Mbona dada zako hawapokei simu zangu?" mke wangu aliniuliza.

"Wako bize tu."

Mama alipopata nafuu akarudi Kenya na plasta mkononi. Dada zangu wakaanza kumsema mke wangu mbele yake. Mama akashangaa. "Bafu gani? Mimi nilizama bwawani, na huyo mnayemtukana ndiye aliyenitoa!"

Dada mkubwa akampigia mke wangu, akaomba msamaha huku analia. Mke wangu alikuwa hajui lolote! Alimsikiliza hadi mwisho, akaweka simu mezani, akaniangalia.

"Uliwasoma wakiniita muuaji, halafu ukaja kula chakula changu?"

 Sasa analala chumba cha mtoto wetu Tasha. Nimeomba msamaha, nimeuomba tena. Ananijibu kwa adabu tu, kama anavyomjibu mgonjwa.

Wewe mwenye bwawa, usifunike maji kwa turubai na majani ukadhani umemaliza kazi. Mtu atapita hapo. Na ukikosea, sema ni wewe, siku hiyo hiyo, kabla jina la mwenzako halijachafuka. Mimi nilingoja nisemewe na mama yangu.