Nilisimamisha Lori Kakoba

Tangu wiki jana, nikipita Kakoba pale Mbarara, najifunika kitambaa usoni.

Nilitoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale na vitenge vya harusi ya binti yangu aliye Kanada. Katika ofisi ya mizigo ya ndege hapo Kakoba, dada mmoja alivipima kwenye mizani, akaandika kila kilichomo, akafunga boksi na kulibandika karatasi yenye namba.

"Mama, namba hii itafuata mzigo wako mpaka mkononi mwa mtoto."

Nikastaajabu. Kazi safi namna ile! Nikasaini bila kusoma.

Nilipotoka nje, nikaona boksi langu linapakiwa kwenye lori. Lori, na mimi nimelipia ndege! Nikasimama mbele yake, mikono juu.

"Wezi! Beko banaiba mzigo yangu!"

Bodaboda wa Kakoba wakalizingira lori. Dereva akashuka polepole, bila hasira.

"Nyabo, mama yangu, hii lori inapeleka mizigo Entebbe, ndiyo ipande ndege. Kama iko ndege hapa Kakoba, nionyeshe, nitapakia saa hii."

Bodaboda wote wakatazama juu. Hata mimi nikatazama.