Risasi za Duka, Vichwa Vipya

Leo wivu umenivua nguo hapa ughaibuni, mjini St Marys.

Shemeji yangu Idi, kaka wa mke wangu, hupakia risasi zake mwenyewe, yaani huziunda nyumbani. Ganda, baruti, kichwa kile kinachoruka, kila kitu anapima kwa mkono wake gerejini. Tukienda kupiga shabaha, matundu yake yote yanabanana mahali pamoja, na watu wanamzunguka. Mimi namshikia mkoba.

Nimechoka.

Basi nikanunua risasi za duka, nikang'oa vichwa, nikatia vichwa vya bei mbaya kama anavyotumia Idi. Asubuhi nikatangaza uwanjani kuwa hata mimi sasa napakia risasi zangu.

Mzee mmoja wa Kizungu akanisogelea, mpole kabisa. "Hongera. Umetumia baruti gani?"

Baruti.

Jamani, ni ileile ya kiwandani iliyokuwemo. Hata jina lake silijui.

Nikakohoa. Nikaangalia viatu.

Idi akadakia, "Hiyo siri ya familia, mzee." Wakacheka, yakaisha. Kisha akaninong'oneza, "Shemeji, hizo usizipige, zitakupasulia bunduki." Akanipa zake.

Yaani hata kusitiri watu ananishinda.

Tumerudi kwangu kula. Nikamsimulia mke wangu, nikijua atanitetea. Hakuinua hata macho kwenye sufuria.

"Kwa hiyo, Baba Salma, umenunua pilau ya watu, ukabadilisha nyama, ukasema umepika."

Halafu akampakulia kaka yake kwanza.

Na lile paja kubwa la kuku.

Semeni nyinyi, nikinuna nakosea?