Picha za Kutoka Mlangoni

Duka la simu lilikuwa Kitale, na tulikwenda watatu: mimi, shangazi yangu, na mume wake, fundi wa redio katika soko la kijiji chetu, Kwanza. Neno simujanja hatukuwa nalo bado. Tulisema simu ya intaneti, na mtu akiitoa mfukoni mbele za watu alizungukwa kama aliyekamata nyoka.

Mimi nilikuwa mwaka wa pili wa masomo ya utabibu Bungoma. Mwalimu wetu wa wodini, mama mfupi aliyetembea haraka kuliko sisi sote, alikuwa ametushauri tukinunua simu tuichague kama viatu vya kazi: betri ifike jioni, kitabu cha dawa kiingie ndani, na isiwe kitu cha kuogopa kupangusa kwa spiriti. Simu ya namna hiyo niliiona mara tu tulipoingia. Ilikuwa ya kijivu, nzito, ina vitufe vya herufi zote, na kamera yake muuzaji mwenyewe hakutaka kuizungumzia.

"Hiyo ni ya karani, mama," alimwambia shangazi. "Cheki hii sasa. Hii iko na kamera kali. Kaa hivyo, usicheke."

Shangazi alicheka. Muuzaji akapiga picha, akamgeuzia kioo.

"Ai! Mimi huyu? Nimerudi msichana bana!"

"Hata mahari inaweza kulipwa tena," mume wake akasema, na duka zima likacheka.

Nilichukua simu nikaitazama picha ile kwa karibu. Shangazi ana kovu chini ya taya la kushoto, la uji wa moto wa utotoni, pana kama jani la mharagwe. Kwenye kioo halikuwapo. Ngozi ilikuwa laini kutoka sikio mpaka shingo. Nikamwonyesha.

"Si ndiyo uzuri yake?" akaniuliza.

Simu ile haikuwa yangu kuamua peke yangu. Ukoo ulikuwa umeichangia baada ya ibada, na mchungaji aliiombea kabla haijanunuliwa, akiomba iwe mkono wa uponyaji katika nyumba yetu. Kila aliyechangia alijua ni nyumba gani na ni nani wa kuponywa. Nyanya yangu, ambaye tulimwita kukhu, alikuwa na ugonjwa wa sukari. Hospitali hakuitaka. Babu aliingia hospitali kwa miguu yake akarudi amelazwa juu ya pikapu, na tangu siku hiyo kukhu alimeza tembe zake nyumbani na hakupita tena lango la hospitali yoyote. Wazazi wangu walifanya kazi Malakisi. Aliyemwangalia asubuhi na jioni ni shangazi, aliyeolewa shamba la pili kutoka pale.

Kwa hiyo tulinunua ile ya kamera, tena mbili za aina moja. Moja niende nayo Bungoma, nyingine ibaki Kwanza. Kukhu alipoletewa habari alifurahi kwa namna iliyonitia baridi.

"Mtoto akiniona kutoka huko, basi mimi niko hospitali tayari," alisema. "Sasa nani ataniambia niende?"

Bungoma simu ilinifaa. Kitabu cha dawa kiliingia, na wenzangu waliniinamia begani wakisome nami tukisubiri madaktari. Lakini mwalimu alikuwa na sharti. Mwanafunzi asiyemtazama mgonjwa, asiyemgusa wala kumnusa, hakuruhusiwa kutoa simu mfukoni. "Nusa," alikuwa akisema, akituinamisha juu ya vidonda vya watu. "Pua ya tabibu haina betri."

Jioni zilikuwa za ukoo. Nilipigiwa kuhusu macho, mgongo, watoto wasiolala. Mjomba mmoja alinipigia kuhusu ng'ombe.

"Anakohoa tangu Jumapili. Si ni mapafu tu?"

"Mjomba, mimi nasomea watu."

"Wewe daktari usinizungushe. Mapafu ni mapafu."

Baada ya mavuno kukhu alitoka kuokota mahindi yaliyosahaulika shambani. Mabua yakikatwa huacha visiki vyenye ncha, na alikuwa amevaa malapa. Hakusikia kitu; sukari ilikuwa imeshaitia miguu yake ganzi. Shangazi ndiye aliyeona damu sakafuni, akaifuata mpaka kwenye kiti alichoketi mama yake akipukuchua mahindi na kuimba.

Picha ya kwanza ilinifikia nikiwa nafua. Zilifunguka polepole siku hizo, kutoka juu kwenda chini, kama pazia linaloteremshwa. Niliona leso, kifundo, kisha mguu wa kukhu juu ya kigoda, na kando ya kidole kikubwa mkwaruzo mwembamba uliokwisha kukauka. Mguu ulikuwa na rangi nzuri ya udongo. Shangazi akapiga.

"Umeona?"

"Nimeona. Mleteni apimwe."

"Apimwe nini na umeona? Tunaosha na maji ya chumvi. Anakusalimia, ati unamtibu vizuri."

Picha nyingine ikaja, na nyingine. Mkwaruzo ulizidi kufifia. Kila nilipoomba aletwe nilijibiwa kwa picha, na kila picha ilikuwa nzuri kuliko iliyotangulia. Hata hivyo sauti ya kukhu, shangazi alipomwekea simu sikioni, ilikuwa na kiu. Alikatisha maneno aombe maji. Alilala mchana, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Nilimwonyesha mwalimu wangu. Hakuipokea simu. Aliitazama ikiwa mkononi mwangu.

"Unanuka?"

"Sijui, mwalimu."

"Na chini?"

"Chini sijaonyeshwa."

"Basi hujaona mguu," akasema, akaendelea na kazi.

Nilizirudia picha zote, moja baada ya nyingine, nikitafuta unyayo. Haukuwapo hata mmoja. Badala yake niliona jambo ambalo lilikuwa mbele yangu muda wote: upande wa kushoto wa kila picha palisimama mti wa fremu ya mlango. Mguu ulipigwa picha kutoka nje ya chumba, kila mara kwa urefu uleule. Nikampigia shangazi kuuliza nani anapiga.

"Ni mume wangu. Mimi najua hizo vitu?"

Nilikaa chini. Kwetu mwanamume hamkaribii mama wa mke wake. Hampi mkono, haketi naye, haingii chumbani mwake. Wakikutana njiani mmoja huchepuka vichakani. Na mama mkwe hawezi kumnyanyulia mkwewe mguu mtupu, afadhali afe.

"Na anapigaje, shangazi?"

"Vizuri kabisa, heshima imekaa. Mama namfunika na leso mpaka hapa kwa kifundo. Yeye anasimama nje ya mlango, ananyoosha mkono ndani, anageuza uso, anabonyeza."

"Anageuza uso?"

"Sasa ulitaka aangalie?"

Hivyo ndivyo mguu wa kukhu ulivyokuwa ukitibiwa. Aliyepiga picha hakuutazama, aliyeuosha aliamini kuwa mimi nimeutazama, nami nilitazama kile simu ilichopenda kunionyesha.

"Wewe umeangalia chini ya unyayo?"

"Hataki nimgeuze. Anasema daktari wake hajaitisha hiyo."

Ningemwambia kukhu aupindue mguu, angekataa. Ningemwambia aje, angeniambia yuko hospitali tayari. Nikamwambia shangazi kwamba simu yangu imekufa kioo. Haionyeshi kitu, ni giza tupu, na fundi wa Bungoma amesema haitaamka tena. Nikasikia akimrudishia mama yake kwa Kibukusu, kisha sauti ya kukhu mwenyewe.

"Kwa hivyo hunioni?"

"Sikuoni, kukhu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi nileteni," akasema, si kwangu.

Walikuja na pikapu iliyokuwa ikipeleka viazi. Mume wa shangazi aliketi nyuma juu ya magunia, kwa heshima, mvua ikimnyeshea, na kukhu mbele pamoja na binti yake. Madirisha yote yalikuwa yameteremshwa ingawa mvua iliingia. Nilijua sababu kabla sijaufikia mlango. Dereva alishuka bila kunisalimia, akaenda kusimama mbali, kitambaa puani.

Mwalimu alifungua mguu mwenyewe. Juu ulikuwa uleule wa picha, mkwaruzo wake umekauka vizuri. Kisha akaunyanyua. Sitaeleza yote. Ncha ya bua ilikuwa bado ndani, na kuizunguka unyayo ulikuwa umefanya shimo jeusi lililopita mpaka kisigino. Mwalimu hakusema tunuse.

Daktari wa upasuaji alikuja, akabonyeza shavu la mguu, akasema ukatwe asubuhi chini ya goti, na asubuhi isipite, maana sumu ilikuwa imeanza kupanda kwenye damu. Karatasi ya ridhaa ikaletwa pamoja na wino wa dole gumba. Kukhu akaficha mikono ndani ya leso.

"Hauniumi," alisema. "Mguu usiouma mnaukatia nini?"

Shangazi alilia, akatoa simu yake, akamwonyesha daktari picha: ona, ulikuwa unapona. Kukhu naye akaichukua. Alizitazama moja moja kwa utulivu, mguu mzuri wa rangi ya udongo juu ya kigoda chake.

"Huu ndio wangu," akasema.

Daktari akaondoka, akiacha karatasi kitandani. Nikatoa simu yangu mfukoni. Kukhu aliona kioo kikiwaka, kile nilichomwambia kimekufa. Nikapiga magoti sakafuni, nikaingiza mkono chini ya mguu wake, na kwa mara ya kwanza tangu tuinunue nikapiga picha niliyoitaka mimi. Nikampa.

Aliishika mbali, kisha karibu.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, kukhu."

"Na kwa macho, uko hivi hivi?"

Niliitazama picha tena. Weusi ulikuwa umekaribia kuwa kahawia. Kingo zilikuwa laini, kama kovu la shangazi siku ile dukani.

"Kwa macho ni vibaya kuliko hapo."

Alikaa nayo mpaka kioo kikazima chenyewe. Kisha akatoa mkono ndani ya leso na kunyoosha dole gumba, nami nikasogeza wino. Alipokwisha kubonyeza alinivuta sikio karibu na mdomo wake. Mlangoni mwa wodi, mume wa shangazi alikuwa amesimama, mgongo wake umetugeukia.

"Hiyo usimtumie mkwe wangu," alinong'ona. "Ifute sasa, nikiona."

Nikaifuta, akiona.